Futa hiyo picha

"Mzee, futa hiyo picha."

Nilimwambia kwa Kiswahili, kana kwamba tuko Mtaa wa Msimbazi. Kumbe tulikuwa chini ya sanamu ya mbuzi watano, bustani ya Yuexiu, Guangzhou, saa mbili na nusu asubuhi, Jumapili moja ya mwezi wa tatu. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, kofia ya kitambaa, koti jepesi la bluu amelifunga zipu hadi kidevuni. Amesimama hatua tatu kutoka nilipo, simu kaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika bakuli la uji. Nilisikia mlio wa kamera. Hata kuuzima hakujisumbua.

Akatabasamu, akaniinulia dole gumba.

Nikarudia kwa sauti. Kina mama waliokuwa wakicheza dansi pembeni wakasimama, muziki wao ukaendelea peke yake. Nikaionyesha simu yake kwa kidole, kisha nikapangusa hewani kama mwalimu anayefuta ubao. Tabasamu likamshuka taratibu. Binti mmoja mwenye mtoto kwenye kigari akasogea, akaongea na mzee, akaandika kitu kwenye simu yake mwenyewe, akanigeuzia kioo. Kiswahili!

"Babu anauliza ana kosa gani."

Nikaandika: hakuniomba ruhusa.

Mzee akafungua picha zake, akawa anatafuta kwa kidole kinachotetemeka. Labda ni uzee, labda ni mimi. Akanionyesha: mimi na ushungi wangu wa zambarau, nimeinua uso kuwatazama mbuzi, mdomo wazi kidogo. Akabonyeza. Nikatoweka.

Kisha akasema sentensi moja, fupi, bila hasira. Binti akasita kuitafsiri. Mwisho akanigeuzia kioo tena.

"Anasema wewe ulipiga picha mke wake kwanza."

Jumapili isiyo na kazi

Tukisema "naenda China" pale Kariakoo, hakuna anayeuliza China ipi. Hii ilikuwa safari yangu ya sita. Tano za mwanzo zilikuwa uwanja wa ndege, hoteli ya Xiaobei, soko la vitambaa la Zhongda, ghala la wakala, uwanja wa ndege. Ungeniuliza bei ya pazia zito kwa mita, la kawaida na lile lisilopitisha mwanga, ningekutajia usingizini. Ungeniuliza mto wa mji ule unapita upande gani, ningekuuliza kwani una mto.

Safari hii wakala akaniambia kontena tunalochangia halifungwi mpaka Jumatatu, kuna mtu majora yake hayajafika. "Dada, Jumapili lala."

Nani analala? Guangzhou ya mwezi wa tatu ina majira ambayo kuta zinatoka jasho. Siyo tamathali. Unapitisha kiganja ukutani kinatoka na maji, shuka ni mbichi, kioo cha bafuni hakionyeshi mtu. Saa kumi na mbili nilikuwa nje, peke yangu, sina mkokoteni, sina risiti, sina mtu wa kubishana naye bei. Nilijisikia kama mtoto aliyetoroka shule.

Bustani iko karibu, nilitembea kwa miguu. Kiingilio hakuna. Na kule ndani, jamani, kila mzee wa Guangzhou alikuwa ameamka kabla yangu. Wengine wanapiga kwa miguu kipira cha manyoya, kinazunguka kutoka kwa mtu hadi mtu bila kugusa chini, na anayekipiga kwa kisigino cha nyuma ana mvi kichwa kizima. Mwingine ana brashi ndefu kama ufagio anaichovya kwenye ndoo, anaandika sakafuni kwa maji matupu. Kuna Mnara wa Zhenhai, ghorofa tano, wa mwaka 1380, huo niliupita nje tu. Nilikuja kuona watu wa mji kwa mara ya kwanza, siyo vitambaa vya dukani.

Na misufi. Sijui niiteje vingine: ni ndugu wa msufi wetu, ule wa kujazia mito, ila huu una maua mekundu, manene kama vikombe, na yanachanua kabla majani hayajatoka. Ndilo ua la mji. Likianguka linatoa kishindo, unageuka ukidhani mtu kadondosha embe. Wazee wanayaokota, wanayaanika, wanayachemshia chai au supu, wanasema yanautoa unyevu mwilini. Kwa zile kuta, nawaamini.

Bibi mmoja alikuwa anaokota. Mfuko wa plastiki mwekundu, magoti yamekaza kwa ukaidi, kila ua analigeuza kwanza kuangalia kama lina mdudu, analipuliza, ndipo analitia mfukoni. Yaliyopasuka anayaacha. Nilimtazama kwa muda. Nikampiga picha tatu, moja kutoka mbali na mbili kutoka karibu, nyuma ya benchi.

Nyuma ya benchi. Nilichuchumaa.

Hilo ndilo lililonikaa kooni wiki sita. Mzee yule alisimama mbele yangu wazi, na mlio wake, na dole gumba lake. Mimi nilijificha, na simu yangu nimeizima sauti tangu uwanja wa ndege.

Kanga ya mama

Hasira yangu ina historia yake, na siwezi kuisimulia bila kumtaja mama.

Mama amekaanga samaki Feri tangu sijaanza shule. Mtalii akiinua kamera, mama alikuwa na njia tatu, kulingana na siku ilivyokwenda. Siku nzuri alijifunika uso kwa kanga. Siku ya kawaida alinyoosha mkono: "Leta hela!" Siku mbaya alikuwa na maji ya kuoshea samaki. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikijifunza.

"Anaipeleka wapi sura yangu?" alikuwa anasema. "Mimi sijulikani kwao. Atawaambia nini?"

Ukubwani nikaziona zile kadi za posta za Zanzibar za mwanzoni mwa karne ya 20, za studio ya Gomes na za akina Coutinho. Wanawake wamesimama na kanga zao, macho makavu, wamejipamba au wamepambwa na mpiga picha, hatujui. Chini pameandikwa tu kwamba ni mwanamke wa Kiswahili. Jina hakuna. Zilikwenda Ulaya na stempu mgongoni. Nilipoziona nikamkumbuka mama na ile ndoo ya maji, nikaona alikuwa na haki zaidi ya alivyojua.

Na Guangzhou yenyewe ina habari zake na sisi. Wanaokwenda kule hawahitaji kukumbushwa Aprili 2020, Waafrika walipotolewa kwenye nyumba na hoteli katikati ya korona, wengine wakalala barabarani na mabegi yao. Hata kabla ya hapo, ukipanda treni ya chini ya ardhi unamwona kijana mbele yako kaishika simu wima isivyo kawaida, na wewe unajua. Mara mbili nimeguswa nywele zilizochomoza kwenye mtandio. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga, na huko wakamwona ndiye yule mnyama wao wa hadithi, mwenye baraka. Safari ya pili, kwenye lifti ya soko, watu sita wamenitazama kuanzia ghorofa ya kwanza hadi ya tano, nilimwonea huruma sana yule twiga.

Kwa hiyo mzee alipoinua simu, hakuinua yeye peke yake.

Lakini yeye hakuwa na habari hizo. Alichoona ni kwamba mwanamke mgeni amempiga picha mkewe, akadhani ndiyo desturi yetu asubuhi hiyo: tunapigana picha. Au hakudhani hivyo. Au alinichukulia kama twiga, na ile habari ya mkewe ilimjia baadaye kama utetezi. Nimeligeuza hili pande zote. Kuna siku naamini hivi na kuna siku naamini vile, na kusema kweli inategemea nimelala vipi.

Zipu

Nilichofanya baada ya ile sentensi ni hiki.

Niliitia simu yangu kwenye mkoba. Nikafunga zipu. Nikaomba simu ya yule binti, nikaandika: samahani, nimechelewa.

Nimechelewa wapi? Siku nzima sikuwa na pa kwenda.

Nikashuka ngazi haraka. Katikati ya ngazi nikapishana na bibi mwenyewe anapanda, mfuko wake mwekundu umejaa nusu, amejishikilia kwenye kile chuma cha pembeni kwa mkono mmoja. Akanitazama, akasema kitu kwa upole. Huenda ni "habari za asubuhi." Huenda ni "angalia, ngazi inateleza." Nikaitikia kwa kichwa, na picha zake tatu zikiwa kwapani mwangu.

Kwa hiyo hesabu ndiyo hiyo. Yake imefutwa. Zangu zipo.

Tambi

Mgeni mwenye njaa Guangzhou, kama ni Mwislamu, anatafuta maandishi ya kijani ya halali juu ya mlango, na mara nyingi ndani yake anakuta tambi za Lanzhou. Jina ni la Lanzhou, lakini wapishi wengi ni Waislamu wa mkoa wa Qinghai, ambako ni mbali kiasi kwamba wao wenyewe ni wageni mjini kama mimi. Nilisema "Assalamu alaikum" mlangoni. Yule mpishi akaitikia yote, hadi wabarakatuh, huku mikono haijasimama.

Kama hujaona: anachukua donge la unga, analivuta mpaka mikono inakuwa kama ya mtu anayepima kitambaa, anakunja katikati, anavuta tena. Uzi mmoja unakuwa miwili, minne, minane. Akikunja mara saba ana nyuzi 128, na hakuna hata mmoja uliokatika. Kati ya mkunjo na mkunjo anaupiga unga mezani, pa! Unga wa vumbi unaruka, unamkaa kwenye nyusi. Mimi nauza kitambaa, naijua mikono inayopima bila futi. Yake ilikuwa inapima.

Akaniuliza natoka wapi. "Tansangniya," nikasema, hivyo ndivyo wanavyolitamka jina letu. Akainua kidole gumba. Dole la pili siku hiyo.

Meza ya mbele yangu, vijana wawili wakainua simu wakawa wanamrekodi. Hawakumwomba. Yeye hakuinua macho.

Nilipomaliza kula, duka limepungua watu, nikatoa simu nikamwuliza kwa tafsiri: hukasiriki? Akajipangusa mikono kwenye aproni, akaongea, simu ikaniletea Kiswahili chake cha kupinda: "Siku ya kwanza nilikasirika. Siku ya pili wateja walikuwa wengi."

Akacheka mwenyewe. Sikucheka naye vizuri. Nikamsimulia ya asubuhi, yote, pamoja na benchi. Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Pengine kwa sababu hatutaonana tena. Alisikiliza simu inavyosoma kwa ile sauti yake isiyo na roho, akaniuliza swali moja tu: yule bibi ameiona picha?

Hajaiona.

Akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. Kana kwamba ananiambia, sasa umekaa hapa unafanya nini?

Mbuzi watano

Nilirudi. Ilikuwa kama saa saba mchana.

Niseme kidogo kuhusu hao mbuzi, maana nilikaa nao karibu saa nzima. Sanamu ni ya mawe, ina urefu wa mita 11, mbuzi mkubwa juu na mashada ya mpunga mdomoni, wadogo wakimzunguka. Hadithi yake ni kwamba kulikuwa na njaa, wakaja watakatifu watano wamepanda mbuzi watano, wakawapa watu mpunga na kuwaombea mji usione njaa tena. Watakatifu wakapaa, mbuzi wakabaki wakawa mawe. Ndiyo maana Guangzhou unaitwa Mji wa Mbuzi.

Watu walikuwa wamebadilika. Wacheza dansi wameondoka, wamekuja wenye familia na watalii wa Kichina wenye kofia za kufanana. Chini ya misufi palikuwa pamezagaa yale maua yaliyopasuka tu, mazima yameshaokotwa. Nikamwona mzee mwenye koti la bluu, nikainuka mbio, hakuwa yeye. Nikamwona wa pili. Ukweli mchungu ni kwamba sikuwa na hakika ningemtambua. Nilimtazama simu yake, sikumtazama yeye.

Bibi ningemtambua. Nilikuwa na picha.

Alasiri

Nilikwenda Msikiti wa Huaisheng. Wenyeji wanasema ulijengwa na Saad bin Abi Waqqas, na kuna kaburi lake linalozuriwa si mbali na ile bustani, ingawa vitabu vya tarehe vinasema alizikwa Madina. Sikwenda kubishana. Mnara wake ni mweupe, laini, hauna pambo, mita 36, unaitwa "mnara wa mwanga" kwa sababu zamani mto ulikuwa karibu na mabaharia walikuwa wanautumia kujua wamefika. Nikaswali. Simu ilibaki kwenye mkoba, na sikuona ugumu wowote wa kuiacha humo, jambo ambalo lilinishangaza.

Kisha Shamian, kisiwa kidogo ambacho Waingereza na Wafaransa walijigawia karne ya 19, majumba yake yale yale ya kikoloni unayoyaona Sokoine Drive, ila yamepakwa rangi. Jumapili ni maharusi watupu. Kila mti una bibi harusi chini yake, na mpiga picha amelala chini, na msichana anayerusha shela juu na kukimbia nje ya picha. Nilikuwa nimesimama natazama, mpiga picha mmoja akanipungia mkono. Nikadhani ananiita. Kumbe ananiambia nitoke, nimeingia nyuma ya harusi yake.

Nilicheka peke yangu mpaka bibi harusi naye akacheka. Asubuhi kamera inanitaka, jioni kamera inanifukuza, na nimelalamikia zote mbili.

Jua lilipozama nikapanda kivuko cha kuvuka mto, yuan 2. Pantoni, kabisa. Pikipiki za umeme, mboga, mtoto kalala begani kwa baba yake, harufu ya mafuta ya injini na maji ya mto. Mbali kule mnara wa Canton, mita 600, unabadilisha rangi. Hakuna aliyenitazama. Walikuwa wamechoka, wanarudi nyumbani, kama watu wa Kigamboni.

Picha ya tatu

Kontena limefika, mapazia yamekwenda, hilo halina hadithi.

Mbili nimezifuta, ile ya mbali na moja ya karibu iliyotoka na ukungu. Zilifutika bila neno. Ya tatu imenishinda. Ni nzuri, hilo ndilo tatizo lake. Bibi amelishika ua karibu na mdomo, mashavu yamejaa pumzi, analipuliza, na vumbi la njano linaonekana hewani. Mdogo wangu aliiona akasema niiweke hapa kwenye blogu, itatembea. Najua ingetembea. Ndiyo maana sijaiweka, na hamtaiona.

Lakini kutoiweka siyo kuifuta, na nisijipe sifa. Mzee nilimlazimisha afute mbele yangu, mbele ya watu, mbele ya mtoto wa kwenye kigari. Mimi najadiliana na nafsi yangu wiki ya sita. Kuna wakati najiambia kwamba nikiifuta nitakuwa nafuta ushahidi. Kuna wakati najiambia nitaichapisha niende nayo safari ijayo, nikae chini ya mbuzi mpaka aje. Mji ule una watu zaidi ya milioni 18. Mwezi wa tatu ujao misufi itachanua tena, na wazee wa bustani wana ratiba kuliko treni. Sijui. Nikisema hivyo najisikia vizuri, ndiyo sababu sijiamini.

Juzi nikampelekea mama simu pale Feri. Sikumweleza kitu, nilitaka nione atafanya nini. Akajipangusa mafuta kwenye kanga, akaishika simu mbali na uso, kama wanavyofanya wasiotaka kukubali miwani.

"Anaokota nini?"

Nikamwambia. Maua ya msufi, wanachemsha.

"Yana ladha?"

"Sijaonja, mama."

Akaiangalia tena, muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nikasubiri aniulize kama bibi anajua. Nilikuwa nimeshatayarisha jibu. Hakuuliza. Akaanza kusogeza picha kwa kidole chenye magamba ya samaki, moja baada ya nyingine: wazee wanaopiga kipira, brashi ya maji, mbuzi, maharusi, mto, mnara wa rangi. Akafika mwisho, akarudi mwanzo.

"Na wewe uko wapi?"

"Sipo, mama. Nilikuwa peke yangu."

"Siku nzima? Hata moja hakuna mtu aliyekupiga?"

Samaki walikuwa wanaungua. Nikamwambia ilikuwepo moja.